"Haya mwanangu, rekodi" si ridhaa: kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu wa akili unde

Tangu Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde (AI) wa Kenya wa 2025–2030 uzinduliwe Machi 2025, meza ya kamati yetu ya maadili imejaa mapendekezo ya utafiti kuhusu akili unde inayomweka binadamu mbele. Tunafurahi. Kinachotuchosha ni swali lile lile kila wiki: "Mimi simdungi mtu sindano, maadili yanaingilia wapi?"

Yanaingilia pale unapowasha kinasa sauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti katika data ya kibayometriki, pamoja na alama za vidole, DNA na hata umbo la ndewe (naam, ndewe za masikio). Hiyo ni data nyeti.

Mwanafunzi mmoja aliwarekodi wauza samaki Likoni ili afunze programu ielewe Kiswahili cha Mombasa. Kazi nzuri. Fomu zake za ridhaa zilikuwa kurasa nne za Kiingereza, zimepigwa kidole gumba, baadhi zikiwa bado na magamba. Nikamuuliza mwanafunzi huyo mama mmojawapo alikuwa amekubali nini hasa, naye akanijibu: "Alicheka, akasema 'Haya mwanangu, rekodi.'"

Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha ridhaa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Basi msomee mtu fomu kwa lugha yake. Mwambie sauti itahifadhiwa wapi na nani ataisikia. Kisha muulize, kwa swali la peke yake, kama inaweza kutumiwa kufunza programu, maana ikishafunzwa, kuitoa sauti ya mtu mmoja humo ni kazi ngumu mno.

Pendekezo likishatiwa sahihi na msimamizi, huja kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu). Ukipata barua yetu ya idhini ndipo uombe leseni ya NACOSTI mtandaoni. Barua si leseni, na leseni si barua. Leseni ni ya mwaka mmoja. Ikiisha, omba upya, usiendelee "kidogo tu". Na kamati haibariki data iliyokwisha kukusanywa.

Wapo wanaotuletea kifungu cha 53, kinacholegeza masharti kwa utafiti. Wakisome hadi mwisho: matokeo yasimtambulishe mtu.

Chini ya sheria hiyo, makosa yasiyowekewa adhabu mahususi yana faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Laptopu yenye rekodi ikiibwa kwenye matatu, tuambie siku hiyo hiyo. Wahusika wakiwa hatarini, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa ndani ya saa 72.

Yule mwanafunzi alirudi Likoni na fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Akina mama wawili walikataa. Rekodi zao zimefutwa.