Vimelea vya malale na mlango wa kalsiamu

Jeni ya protini inayoingiza kalsiamu kwenye mitokondria za binadamu, yaani vile vyumba vidogo vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, ilipatikana kwa msaada wa vimelea vya malale. Nikilisema hilo darasani hapa Mwanza, wanafunzi wa mwaka wa pili huinua vichwa. Wengi wao malale wameyasikia kwa wazee tu. Lakini ziwa hili linaujua ugonjwa huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda, na visiwa na vijiji vya pwani vikageuka mahame. Mwaka 1903, kule Entebbe, Aldo Castellani na David Bruce waliuhusisha ugonjwa na vimelea viitwavyo tripanosoma, vinavyosambazwa na mbung'o. Mwaka 1906 Robert Koch naye alipitia hapa Mwanza kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese kujaribu dawa yenye aseniki, dawa ambayo baadaye ilibainika kupofusha baadhi ya wagonjwa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, vimelea hivyohivyo vikatoa jibu la swali lililowashinda wanabiokemia kwa nusu karne.

Swali lenyewe ni hili: kalsiamu huingia kwenye mitokondria kupitia protini ipi? Nje ya seli, kalsiamu ni karibu milimola 1 hadi 2. Ndani, seli ikiwa imetulia, ni karibu nanomola 100 tu, yaani pungufu mara 10,000. Seli hulipa gharama kubwa kulinda tofauti hiyo, kwa sababu kalsiamu ikiingia kidogo tu huwa ni amri: msuli ujikunje, tezi itoe homoni, neva ipitishe ujumbe. Kazi hizo zote zinakula nishati, na nishati hutengenezwa kwenye mitokondria. Kwa hiyo amri ni lazima iwafikie watengeneza nishati wakati uleule inapomfikia mtumiaji. Kalsiamu ikiingia kwenye mitokondria huchochea vimeng'enya vitatu vinavyoongoza uunguzaji wa chakula, na uzalishaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, unapanda. Binafsi naona huu ni mmoja wa mipango mizuri kuliko yote katika biokemia: anayeagiza kazi ndiye huyohuyo anayeagiza mafuta.

Mwaka 1961 na 1962 makundi mawili Marekani yalionyesha kwamba mitokondria za figo ya panya hunyonya kalsiamu kwa wingi. Kinachoivuta kilieleweka baada ya kazi ya Peter Mitchell, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1978: mitokondria husukuma protoni nje, na upande wa ndani ukabaki na chaji hasi ya karibu milivolti 180. Ioni ya kalsiamu ina chaji mbili chanya. Piga hesabu uone: mlango ukiachwa wazi kabisa, umeme huo peke yake unatosha kukusanya kalsiamu ndani kwa karibu mara milioni moja ya ile ya nje. Mitokondria ingevimba na kupasuka. Kwa hiyo ni lazima kuwe na mlango, mlinzi wa mlango, na njia ya kutokea.

Mlango huo ulijulikana kwa tabia zake. Tulijua unazibwa na kemikali iitwayo rutheni nyekundu. Mwaka 2004 Yuriy Kirichok na wenzake walipima umeme kwenye utando wa ndani wa mitokondria na kuthibitisha kwamba ni njia halisi ya ioni, yenye kuchagua kalsiamu kwa ukali. Ila protini yenyewe hakuna aliyeweza kuitaja. Utando huo una protini mamia, na hii ni haba.

Hapo ndipo tripanosoma zikaingia. Ilishajulikana tangu miaka ya 1980, kwa kazi ya Roberto Docampo na Aníbal Vercesi, kwamba mitokondria za tripanosoma hunyonya kalsiamu kama za kwetu, na rutheni nyekundu huzizuia vilevile. Hamira ya mikate, ingawa iko karibu nasi zaidi kiukoo, haina uwezo huo. Basi maabara ya Vamsi Mootha huko Boston ikauliza: ni protini zipi za mitokondria zilizopo kwa binadamu na kwa tripanosoma, lakini hazipo kwa hamira? Orodha ikawa fupi. Mwaka 2010 ikampata mlinzi, MICU1, mwenye vishikio vya kalsiamu vinavyohisi kiwango kilichopo nje na kuuweka mlango umefungwa kiwango kikiwa cha chini. Mwaka 2011 ukapatikana mlango wenyewe, MCU, na makundi mawili kwa wakati mmoja: hilo la Boston na la Rosario Rizzuto huko Padua, Italia. Njia ya kutokea, NCLX, inayobadilishana kalsiamu kwa sodiamu, ilikuwa imeshatambuliwa mwaka 2010.

Sasa nije kwenye kinachonishughulisha mimi, nacho ni zinki.

Zinki nayo ina chaji mbili chanya. Zinki huru ndani ya seli ni kidogo mno, nyingine zote zimeshikwa na protini. Lakini mtu akipata kiharusi, neva za ubongo zilizokosa damu huachia zinki nyingi, na sehemu yake huingia kwenye mitokondria kupitia mlango uleule wa kalsiamu. Ikishaingia hufanya kinyume: inakwamisha kimeng'enya kimojawapo kati ya vile vitatu ambavyo kalsiamu huvichochea. Ndiyo maana ni muhimu kujua ni ipi kati ya hizo mbili imeingia.

Na hapo ndipo penye mtego. Tunapima kalsiamu kwa rangi zinazong'aa, na mojawapo inayotumika sana ni Fura-2, iliyotoka maabara ya Roger Tsien mwaka 1985. Ni rangi nzuri, imefungua elimu kubwa. Ila Fura-2 huishika zinki kwa nguvu zaidi ya mara 50 kuliko inavyoishika kalsiamu. Mstari ukipanda kwenye kompyuta, mwanafunzi anaandika "kalsiamu imepanda" bila wasiwasi, na huenda hakuna kalsiamu yoyote iliyosogea.

Katika maabara yetu nimeweka sharti. Kabla ya kuandika neno kalsiamu kwenye daftari, tone la TPEN linaingia kwanza. TPEN huikamata zinki kwa nguvu inayoizidi ile ya kalsiamu zaidi ya mara bilioni. Mwanga ukishuka baada ya TPEN, basi ulichokuwa unakitazama ni zinki, au kwa uchache zinki ilikuwamo. Ukibaki palepale, endelea. TPEN pia hukamata chuma na shaba, kwa hiyo si hakimu wa mwisho, lakini ni jaribio la dakika moja na ni la bei nafuu ukilinganisha na makala nzima iliyojengwa juu ya ioni isiyohusika. Nawaomba sana wenzangu wa vyuo vingine nchini mlifanye.

Mitokondria zenyewe tunazitoa kwenye moyo wa ng'ombe kutoka machinjioni, maana moyo umejaa mitokondria kuliko nyama nyingine. Ubaridi ndiyo kila kitu. Barafu Mwanza haina shida, mji wa sangara huu. Nyama inasagwa kwenye maji ya sukari yenye milimola 250, inazungushwa kwa mashine taratibu ili viini vya seli vikae chini, kisha kinachoelea kinazungushwa kwa kasi ya mara 10,000 ya mvuto wa dunia. Maji lazima yasafishwe mno, kwa sababu zinki hutoka hata kwenye mabomba na mipira ya glavu.

Huwa naulizwa na watu wa nyumbani kama basi wale dagaa zaidi ili mitokondria zipate kalsiamu na zinki. Dagaa wetu wanaliwa na mifupa na kichwa, wana madini hayo kwa wingi, na kwa mtoto anayekula ugali wa dona na maharage, vyenye fitati inayozuia zinki isifyonzwe, dagaa ni msaada mkubwa. Zinki ya vidonge kwa mtoto anayeharisha pia ina ushahidi mzuri: mwaka 2004 WHO na UNICEF walishauri miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Lakini mlango wa MCU haufunguki kwa sababu umekula. Anayekuuzia kopo la "kuamsha mitokondria" anakula fedha zako.

Turudi kwa tripanosoma, kwa sababu zina jambo jingine. Panya wa maabara wa ukoo fulani, wakifutiwa jeni ya MCU, huzaliwa na kuishi. Ni wadogo kidogo na misuli yao ni dhaifu kwenye kazi nzito. Tripanosoma haivumilii. Mwaka 2013 kundi la Docampo lilionyesha kwamba Trypanosoma brucei ikipunguziwa MCU hushindwa kukua vizuri, iwe ya umbo la kwenye damu au la kwenye mbung'o. Kila kimelea kina mitokondria moja tu, kubwa, na hakina akiba.

Kwa ugonjwa ambao kwa miaka mingi hatua yake ya mwisho ilitibiwa kwa melasoprol, dawa ya aseniki iliyokuwa ikiua baadhi ya wagonjwa yenyewe, hilo ni shabaha ya maana. Rutheni nyekundu haifai, inaziba mlango wa kimelea na wa mgonjwa pamoja. Kinachotafutwa ni molekuli inayotambua tofauti kati ya hiyo miwili, na atakayeipima ahakikishe kwanza kwamba mwanga anaousoma ni wa kalsiamu.