Ini hujijenga upya, ila si kila mara linawahi

Dhana: Ini likiharibika ghafla, mgonjwa apumzike nyumbani, litaota upya lenyewe.

Ukweli: Kauli hii imeshaponza wengi. Sifa ya ini kujijenga upya ilithibitishwa kwenye maini yenye afya yaliyokatwa sehemu. Mwaka 1931 Higgins na Anderson waliondoa takriban theluthi mbili ya ini la panya, na kwa siku chache tu kipande kilichobaki kikakua kufidia pengo. Ndivyo anavyopona mtu aliyemchangia nduguye sehemu ya ini: seli alizobaki nazo ni nzima, zinagawanyika bila kipingamizi.

Ini linaposhindwa kazi ghafla, kwa sababu ya homa ya ini, dawa au sumu ya uyoga, mambo ni mengine. Seli hufa kwa wingi kwa wakati mmoja. Zilizosalia nazo huweza kugoma kugawanyika: utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa seli za kinga zilizomo kwenye ini lililojeruhiwa hutoa kemikali iitwayo TGF-beta, inayozizeesha seli za ini zilizo jirani. Wakati huohuo damu haigandi vizuri, sukari inashuka, amonia, taka ambayo ini huiondoa kwenye damu, inapanda na ubongo unaweza kuvimba. Mgonjwa anaweza kufa ilhali ini lake limeshaanza kujijenga. Ndiyo maana mtu mwenye macho ya njano akianza kuchanganyikiwa, au akilala mchana na kukesha usiku, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Dhana: Vimeng'enya vya ini (vinavyovuja kutoka seli zilizoumia na kupimwa kwenye damu) vikishuka, mgonjwa amepona.

Ukweli: Huenda zimebaki seli chache mno za kuvimwaga. Ulizeni pia kuhusu kuganda kwa damu.

Dhana: Parasetamoli haina madhara, na aliyezidisha angeumwa papo hapo.

Ukweli: Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, akihesabu na iliyomo kwenye dawa za mafua. Aliyezidisha anaweza kujisikia vizuri siku nzima huku ini likiungua. Dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Msisubiri dalili.

Dhana: Aliyenusurika hubaki na ini bovu maisha yote.

Ukweli: Wengi hupona bila kupandikizwa, na ini hurudi bila makovu, tofauti na sirosisi, ugonjwa wa ini kujaa makovu. Madaktari wengine hutumia nafasi hiyo: humwekea mgonjwa kipande cha ini la mchangiaji huku wakiacha sehemu ya ini lake, na hilo likishapona, huachisha taratibu dawa zinazozuia mwili kukikataa kile kipande.