Nundu ya mmea si saratani

Pande hizi za Mwanza, majani ya mwembe yakitokwa na vipele vigumu, au miche ya mkaratusi ikivimba kwenye vikonyo, husemwa mara moja kwamba mti umepata saratani. Kauli hiyo husikika bustanini, sokoni na hata kwa wauza miche, hadi imekuwa kama ndilo jina la jambo lenyewe. Uvimbe huo ni nundu: sehemu ya mmea iliyokua isivyo kawaida kwa sababu kiumbe kingine, mara nyingi mdudu, ameichochea ili apate humo chakula na makazi.

Saratani ni ukuaji uliopoteza utii, ilhali nundu ina mpangilio unaostaajabisha. Ukiipasua nundu changa kwa wembe utakuta chumba chenye buu, na kuta za chumba hicho zimefunikwa na seli laini zilizojaa sukari, protini na mafuta, ambazo ndizo chakula chake. Nje ya hizo mara nyingi kuna tabaka la seli ngumu, lenye tanini, yaani kemikali chungu za mmea, na mirija ya mmea imeunganishwa humo ili ilete maji na virutubisho. Seli zote za kuta hizo ni za mmea wenyewe. Kwa hiyo wanaoviita vipele hivyo mayai ya wadudu nao hawajasema sawa, kwa kuwa yai na buu wamo ndani ya kitu ambacho mti umekijenga kwa nyama yake.

Mdudu huwahi tishu changa, kwa sababu jani lililokwisha kukomaa haligeuziki tena kwa urahisi. Kwa baadhi ya wadudu ujenzi huanzishwa na majimaji ambayo mama huyadunga pamoja na yai, na kwa wengine huanzishwa na mate ya buu mwenyewe. Katika mate hayo zimo protini zinazoingilia kazi za seli, na wako wadudu wanaotengeneza oksini na sitokinini, yaani homoni zile zile ambazo mmea huzitumia kuamua seli zigawanyike wapi na zinenepe wapi. Umbo la nundu humfuata mdudu zaidi kuliko mti: mwaloni mmoja wa Ulaya huweza kubeba nundu za mviringo, za bapa na za manyoya, kila moja ikiwa kazi ya aina yake ya nyigu. Katika mpunga wa Afrika yuko inzi mdogo ambaye buu wake hushuka hadi kwenye ncha ya ukuaji, na ala ya jani hugeuka mrija mrefu kama jani la kitunguu; chipukizi hilo halitatoa suke.

Ushahidi mkubwa kwamba hii si saratani ni kwamba buu akifa mapema, kwa kawaida nundu huacha kukua. Uvimbe unaostahili kufananishwa na saratani ni ule unaoletwa na bakteria aitwaye Agrobacterium, ambaye hupachika kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea, jambo lililothibitishwa mwaka 1977. Seli hizo huendelea kugawanyika hata bakteria akiondolewa.

Kuchanganyikiwa kuhusu nundu ni kwa zamani. Mwanasayansi wa Italia Francesco Redi, aliyeonyesha mwaka 1668 kwamba funza hawazaliwi na nyama iliyooza, bado aliamini kwamba wadudu wa nundu huzaliwa na mti wenyewe; ni Mwitaliano mwenzake, Marcello Malpighi, aliyeeleza mwaka 1679 kwamba hutokana na mayai yaliyotagwa na wadudu ndani ya mmea.

Liko pia kosa la upande wa pili, la kuita nundu kitu kisicho nundu, nalo hunisikitisha zaidi kwa kuwa linahusu mti wa jirani yetu. Ile migunga ya Serengeti yenye miiba iliyovimba, inayopiga mluzi upepo unapopita, haina nundu zilizochochewa na sisimizi. Mti huivimbisha miiba hiyo wenyewe, hata pasipo sisimizi. Wao hutoboa matundu na kuingia kukaa.

Basi anayeona vipele kwenye mwembe wake aseme tu kwamba una nundu, wala asiukimbilie kwa shoka, kwa kuwa hazisambai ndani ya mti kutoka jani hadi jani. Dawa inayopulizwa juu ya nundu iliyokwisha kufunga haimfikii buu kwa urahisi, na jani lililokwisha kuvimba halirudi kuwa laini. Cha kulindwa ni machipukizi mapya, kabla mama mdudu hajayafikia.