Kabla ya kubadilisha fomula ya sayanotaipu, pima karatasi

Picha ya sayanotaipu, yaani picha ya buluu inayochapwa kwa kupaka karatasi dawa ya chuma ambayo mwanga huibadilisha, ikitoka na doa, wengi hukimbilia mizani: chumvi ya chuma inaongezwa, ferisayanaidi (dawa ya pili inayochanganywa nayo) inapunguzwa, karatasi nyingine inaharibika. Nilipoacha fomula ya zamani na kuhamia ile ya oksaleti, nami nilipoteza wiki nzima hivyo. Siku hizi sigusi mizani mpaka nijue kosa liko kwenye dawa, kwenye karatasi au kwenye maji. Mara nyingi liko kwenye karatasi.

Fomula ya zamani imetokana na kazi ya John Herschel ya mwaka 1842. Mchanganyo uliozoeleka ni gramu 25 za amonia feri sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisayanaidi katika mililita 100 nyingine, kisha unachanganya sawa kwa sawa. Huvumilia mengi. Fomula mpya ya mkemia Mwingereza Mike Ware inatumia gramu 30 za amonia feri oksaleti, gramu 10 za ferisayanaidi na gramu 0.1 tu ya dikrometi (chumvi ya kromi), jumla mililita 100. Dawa hii inazama vizuri kwenye nyuzi za karatasi, buluu yake haimwagiki sana wakati wa kuosha, na haihitaji kukaa muda mrefu kwenye mwanga. Naipenda kwa dhati. Ila inachagua karatasi.

Nililiona hilo kwa macho siku nilipopaka karatasi mbili, dawa moja, brashi moja, chini ya taa hafifu. Ya kwanza ilikauka ikiwa njano safi. Ya pili, kabla sijaweka negativu (filamu yenye picha ya kuchapwa) juu yake, ilianza kuwa kijani pembeni, kisha ukungu wa buluu ukatambaa hadi katikati. Nilipopitisha kidole baada ya kuosha, nilihisi chembechembe kama mchanga laini.

Chembe zile zilitokana na chaki. Viwanda vingi hutia kalisi kabonati kwenye karatasi ili isichakae kwa asidi, jambo jema kwa vitabu. Oksaleti ikikutana na kalisi, huzaliwa kalisi oksaleti, kitu cheupe kisichoyeyuka majini. Isitoshe, chaki ni alkali, na buluu yetu haipatani na alkali. Alkali huivunja ikabaki rangi ya kutu. Ukungu uliotokea gizani ni kasoro nyingine ya karatasi ileile: mara nyingi kuna kitu kwenye gundi yake kinachobadilisha chuma bila kungoja mwanga.

Kupima ni rahisi. Dondoshea tone la asidi hafifu kwenye kona ya karatasi kavu, uinamishe kichwa karibu. Vikitokea viputo, kuna chaki. Mimi huiloweka katika asidi ya salfamiki ya asilimia 10 mpaka viputo viishe, naisuuza, naianika. Siyo ya sitriki, kwa sababu kalisi sitreti nayo haiyeyuki vizuri na hubaki humo humo.

Karatasi ikiwa safi na ukungu bado upo, sasa ishuku dawa. Weka tone kwenye kibakuli cheupe, uongeze maji kidogo: ikibaki njano, ni nzima, ikigeuka buluu gizani, imeharibika, imwage. Sitreti iliyoota ukungu wa kuvu wengine huichuja na kuitumia. Mimi siiamini.

Maji yenye chokaa hufifisha picha taratibu wakati wa kuosha, kwa hiyo beseni la kwanza nalitilia asidi ya sitriki kidogo, kama asilimia 1. Hafifu hiyo haina shida, lakini ferisayanaidi usiikutanishe kamwe na asidi kali wala moto mkali, kwani hutoa gesi ya sumu ya sayanaidi. Dikrometi nayo husababisha saratani. Vaa glavu, na unga wake usiupulize.

Jambo moja linaloogopesha bure: vivuli vizito kuwa vya kijivu baada ya kukaa kwenye mwanga. Buluu imepoteza rangi kwa muda tu, na hewa itairudisha. Haidrojeni peroksaidi kidogo kwenye maji ya mwisho huirudisha kwa sekunde chache, lakini ni buluu ileile ambayo ingejitokeza yenyewe baada ya siku moja hivi. Peroksaidi haiwezi kuokoa picha iliyokosa mwanga.