Kabla ya kuongeza Panadol juu ya dawa ya mafua

Kipupwe kikiingia, maduka ya dawa hujaa wenye mafua, na sisi wafamasia hurudiwa na swali lile lile: "Nimeshakunywa dawa ya mafua lakini kichwa bado kinagonga, niongeze Panadol?" Usiongeze mpaka usome kilichomo kwenye dawa uliyokwisha kumeza. Vidonge na kapsuli nyingi za mafua zina parasetamoli, kiambato kile kile cha Panadol. Humo humo huwekwa klorofeniramini ya kupunguza makamasi na chafya, mara nyingi pamoja na kafeini, na fenilefrini ya kuzibua pua.

Tufanye hesabu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite saa 4 hadi 6. Chukua dawa ya mafua yenye miligramu 500 kwa kidonge. Anayemeza viwili mara tatu kwa siku ameshafika gramu 3. Akiongeza Panadol mbili asubuhi, mchana na jioni, zinakuwa gramu 6. Halafu wapo wanaotupia na kidonge cha mgongo chenye diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, wakiamini hiyo ni dawa nyingine kabisa. Na wewe unayeletewa dawa na ndugu aliyeko Marekani, ujue kule parasetamoli huandikwa acetaminophen.

"Parasetamoli ni dawa ndogo, hata watoto wanapewa." Kauli hii inatuchosha, maana ndiyo inayowachelewesha watu kwenda hospitali. Ini likivunja parasetamoli hutoa sumu kidogo ambayo kwa kawaida ini lenyewe humudu kuiondoa. Dozi ikizidi, sumu hiyo hulielemea na kuanza kuliharibu. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie lolote, akajiona mzima. Macho ya njano na kuchanganyikiwa huja siku zinazofuata. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, asetilisisteini, na kwa aliyemeza nyingi kwa mkupuo hufaa zaidi ikianzishwa ndani ya saa 8. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, nenda kituo cha afya ukiwa bado hujaumwa, na ubebe maboksi yote. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe sana au aliyekonda sana aulize dozi yake kabla ya kumeza, kwani kiwango cha gramu 4 kinaweza kuwa kikubwa kwake.

Fenilefrini hubana mishipa ya damu. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiitumie bila ushauri, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba vilevile, kwa sababu mkojo unaweza kuziba. Hata faida yake ni ya mashaka: mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, liliona kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua kwa dozi zilizozoeleka. Klorofeniramini huleta usingizi. Dereva wa basi au wa bodaboda ainywe akiwa amemaliza kazi, na isichanganywe na pombe. Kidonge cha mkubwa hakikatwi nusu kumpa mtoto. Na homa si lazima iwe ya mafua. Parasetamoli huishusha hata ikiwa ni malaria, kwa hiyo pima.

Sasa ununuzi. Dawa ya mafua inayouzwa nchini Tanzania lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Nunua famasi au kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Kutembeza dawa kwenye mabasi, minadani na magulioni ni kosa, hata kama dawa yenyewe ni halali. Mkaguzi akizikuta, dawa hizo huorodheshwa na kushikiliwa, maelezo ya mhusika huchukuliwa, na kulingana na uzito wa kosa suala huweza kufikishwa polisi na mahakamani. Zikiamuliwa kuteketezwa, gharama ni za mwenye mali.

Wauzaji nao wana lao. Ukikata karatasi ya vidonge kwa mkasi ukampa mteja vinne, mara nyingi umemnyima jina la viambato, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Basi muandikie kwenye bahasha: jina la dawa, viambato, dozi. Na kabla ya kupokea hela, muulize amekunywa nini tangu jana.

Ukipata vipele, uso kuvimba, mapigo ya moyo kwenda mbio au tatizo lolote unalolishuku kutokana na dawa, acha kuitumia, uende kituo cha afya na uombe taarifa ijazwe kwenye fomu ya madhara ya dawa. Huandikwa jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo, siku uliyoanza kuitumia, siku tatizo lilipoanza na dawa nyingine ulizotumia. Wengi hudhani fomu hii ni ya kumshtaki mhudumu. Si kweli. Taarifa huenda TMDA, huchambuliwa, kisha huingizwa kwenye kanzidata ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Sweden. Uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha hauhitajiki, kushuku kunatosha. Boksi usilitupe, kwa sababu bila namba ya toleo hatuwezi kufuatilia dawa hiyo ilikotoka.