Nyumba ni ya Mke, na Uanaume Ulibaki Pale Pale

Juzi, barazani Mkomani, hapa Lamu, nimeambiwa tena kwamba mwanamke kumiliki nyumba ni mambo ya Kizungu yaliyoletwa na Katiba ya Kenya ya 2010 ili mwanamume asiwe na sauti kwake. Mimi ni wakili wa mirathi, na subira yangu imekwisha, hasa maneno hayo yanaposemwa na mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba ambayo mamake alipewa na babake alipoolewa. Katika mji huu wa mawe, koo za waungwana zilimpa binti nyumba, au orofa iliyojengwa juu ya ile ya mamake, na bwana harusi ndiye aliyehamia.

Linaloniudhi zaidi ni kuchanganya hiba na mirathi. Mirathi huanza mtu akifa, na mafungu yake yamekwisha kupangwa na sheria ya Kiislamu. Hiba hutolewa na mtu aliye hai, mwenye akili timamu, na hukamilika kwa kukabidhi. Kaka mmoja alikuja kwangu akidai fungu lake, maradufu ya la dadake, katika nyumba anayokaa dada huyo. Dada akafungua kitambaa, akatoa karatasi ya baba yao iliyokunjwa mara nne, yenye mashahidi wawili, kisha akaweka ufunguo juu yake. Aliushika tangu mzee yu hai. Nyumba haikuwa tena mali ya marehemu, basi fungu lingetoka wapi? Hata hiyo nusu ya mwanamke haienei kila mahali: ndugu wa kiume na wa kike waliochangia mama tu hugawana sawasawa.

Katiba yenyewe, katika kifungu cha 24(4), imewaachia Waislamu sheria yao mbele ya Kadhi katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Anayesema imefuta mafungu hajaisoma.

Nakiri kwamba desturi hii nayo hunitia shaka. Nyumba ile ile ndiyo iliyomfungia binti ndani, na binti wa nyumba ya makuti hakupewa kitu. Huenda wazee walilinda jengo lisitoke ukooni kuliko walivyomlinda mtoto. Na yule kaka hadi leo hajavuka kizingiti cha dadake. Nimemwendea mara tatu kumsihi, na karatasi ile, pamoja na uhalali wake wote, haikunisaidia.