Wilms kwa mtu mwenye ndevu

"Mwanangu, ugonjwa wa watoto utamshikaje mtu mwenye ndevu?" Mama mmoja wa hapa Tanga aliniuliza hivyo nilipomweleza majibu ya figo ya kijana wake wa miaka 26. Nikamjibu, "Mama, nami nimeangalia mara tatu."

Mimi ni daktari wa patholojia; nasoma vipande vya nyama ya mwili kwa darubini. Uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, una jina la Max Wilms, mpasuaji wa Kijerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 1899. Kwa kawaida huwapata watoto wa chini ya miaka 5: mama anamwogesha mwanawe, mkono unagusa kitu kigumu tumboni. Kwa watu wazima haufiki asilimia 1 ya saratani za figo.

Figo humaliza kuumbika karibu wiki ya 36 ya mimba. Chembe changa zikibaki bila kukomaa, zinaweza kugeuka uvimbe. Kwenye slaidi za kijana huyu, yaani vioo vya darubini, niliziona: vidoti vya buluu vilivyobanana, na katikati yake vijifereji vilivyoanza kuumbwa vikaachwa njiani. Fomu ya mpasuaji ilisema saratani ya kawaida ya figo. Simlaumu mpasuaji, kwani hata picha za CT haziwezi kuzitenganisha saratani hizi mbili kwa hakika.

Kijana alikojoa damu kwa miezi. Huku kwetu pwani damu kwenye mkojo huitwa kichocho, basi akameza prazikwanteli mara mbili. Wenzangu wa zahanati, nawasihi: mkitibu kichocho na damu isikome, mpelekeni mgonjwa akapigwe altrasaundi.

Kinachoniumiza zaidi ni siku zinazopotea baada ya upasuaji. Mwenye saratani ya kawaida, ikitolewa yote mapema, mara nyingi hurudi nyumbani na kufuatiliwa tu. Wilms haina subira hiyo. Dawa za saratani, vinkristini na aktinomaisini, zinatakiwa kuanza ndani ya siku 30, na mionzi kwa uvimbe uliosambaa. Watoto wengi hupona. Watu wazima huwa nyuma yao, na kuchelewa huku ni sababu mojawapo. (Vinkristini nayo huwaumiza watu wazima zaidi mishipa ya fahamu, vidole vikafa ganzi, waambiwe mapema.)

Niliwahi kuona majibu yakilala wiki tatu kwenye meza ya hospitali moja. Tangu hapo napiga simu kabla wino haujakauka.

Siku ya 12 baada ya upasuaji kijana alipanda basi la Dar es Salaam kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mama yake alipakata bahasha yenye slaidi na vipande vya nta vyenye nyama ya uvimbe, ili mwenzangu wa huko azisome upya.